Ada imetushinda, lakini naogopa kumpeleka mwanangu Kayumba (shule ya serikali)

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda hapa Morogoro. Ni fundi cherehani, na mume wangu ni dereva wa basi, ruti ya Dar na Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, mabasi ya ruti hii hayajai kama zamani. Tajiri wake amepunguza magari, kwa hiyo anapokezana na dereva mwenzake: wiki moja yupo barabarani, wiki nyingine yupo nyumbani. Kipato chake kimebaki nusu.

Kijana wetu yupo darasa la tatu katika shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Ada ni 1,600,000 kwa mwaka, tunalipa kwa awamu nne. Hapo sijahesabu basi la shule, chakula, sweta lenye nembo, rimu za karatasi, safari za mafunzo na mahafali. Mdogo wake wa kike yupo awali hapohapo, na Januari anaingia darasa la kwanza kwa ada ileile ya kaka yake.

Mwanzoni mwa mwaka tulikopa kwa hawa wa kausha damu, wanaokopesha kwa riba kali, ili kijana asizuiwe getini. Tulichukua laki sita na dhamana ikawa cherehani yangu ya pili. Mpaka leo tunarejesha kila Jumatatu, na sioni kama deni linapungua. Pamoja na hayo, Mei alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Alikaa wiki mbili. Alikuwa anashinda nami kibandani akiniuliza atarudi lini shule, nami sina jibu.

Mume wangu ameshaamua: mwakani wote wawili waende shule ya serikali, ambayo ni mwendo wa dakika chache tu kutoka nyumbani. Anasema yeye kasoma huko, na wakubwa wengi wa nchi hii wamesoma huko. Mimi nakataa, na ndiyo maana nyumbani hatuelewani.

Shangazi, sikatai kwa maringo. Mimi pia ni wa Mtakatifu Kayumba. Darasa la saba nilikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza shuleni kwetu Kilosa. Nilipofika kidato cha kwanza kila somo likawa Kiingereza. Nilikuwa nanakili ubao mzima bila kujua nilichoandika. Baiolojia nilikariri kama dua. Kidato cha nne nikaambulia divisheni ya nne, shule ikaishia hapo. Kila nikimsikia mwanangu akisoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti nasema huyu hatapita nilikopita mimi. Sasa nimrudishe mwenyewe?

Nilienda kuiangalia hiyo shule. Darasa la tatu nimekuta watoto wanne kwenye dawati moja, wengine wamekaa chini. Niliambiwa wengine wanaingia zamu ya mchana. Na nimesikia habari za viboko. Mwanangu ni mpole, hajazoea.

Wifi yangu aliyeko Dar anasema tutafute shule ya bweni mkoani, eti kuna za bei nafuu na mtoto atatulia. Majirani nao wana lao. Mmoja kashaniuliza kama basi la shule limeacha kupita kwetu.

Naomba uniambie ukweli. Shule ya kulipia inazidi ya serikali kiasi cha mimi kuuza cherehani? Na nikimhamisha, si nitakuwa nimemharibia?

Mama wa wawili, Kihonda

—

Marahaba, mwanangu.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Mhamishe kijana mwisho wa mwaka huu, aanze darasa la nne shule ya serikali Januari. Binti aanzie darasa la kwanza hukohuko. Lakini isiwe lazima shule ile uliyoitembelea, na isiwe kuhama kwa kubadilisha sare tu. Sehemu ya fedha mliyokuwa mnalipa ada iendelee kuwa ya masomo yao. Hapo ndipo mimi natofautiana na mume wako: yeye anaona ada imeondoka, mimi naona imebadilisha kazi.

Nimefundisha shule za serikali mpaka nikastaafu, halafu nikafundisha shule ya binafsi. Nakwambia nilichokiona kote kuwili.

Hofu yako ina msingi. Mtoto wa Kitanzania anasoma msingi kwa Kiswahili, halafu anavuka kuingia sekondari ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Shule za serikali huwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza wiki chache za kuzoezwa lugha, kisha masomo yanaendelea. Wengi wanazama hapo, na si kwa sababu hawana akili. Wewe ulikuwa wa juu darasa la saba, ukaangushwa na lugha. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza tangu awali anavuka akiwa mkavu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya shule unayolipia, na sitaipunguza hata kidogo.

Ya pili ni idadi. Mwalimu mwenye watoto 30 anasahihisha daftari la kila mmoja na anajua nani hajaelewa kugawanya. Serikali yenyewe imeweka kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, lakini mijini darasa lenye mia na zaidi ni jambo la kawaida. Mwalimu huyo hata akiwa hodari kuliko wote mkoani, siku haina saa za kutosha.

Ya tatu watu huisahau: anayelipa husikilizwa. Ukienda kwa mkuu wa shule ya binafsi kulalamika kwamba mwalimu wa hesabu hajaonekana wiki nzima, anashtuka, maana anaogopa kukupoteza.

Sasa tazama ambacho ada hiyo hainunui. Hainunui mwalimu bora kwa hakika. Walimu wengi wa serikali wana mafunzo kamili na miaka mingi kazini. Katika shule ndogo za binafsi walimu huja na kuondoka kila muhula, kwa sababu mishahara inachelewa au wanasubiri ajira za serikali zitangazwe. Nimekaa kwenye madarasa ambamo mwalimu mwenyewe Kiingereza kinamsumbua, watoto wanaitikia kwa pamoja sentensi walizokariri, na mzazi aliye dirishani anafurahi. Huko nako ni kunakili ubao bila kuelewa, Mama wa wawili, ila kwa bei. Kwa hiyo, kabla hujalia kwamba unamtoa peponi, mpime kijana. Chukua ukurasa wa kitabu chake cha Sayansi, asome, kisha akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Akieleza vizuri, shule ilifanya kazi yake. Akirudia maneno yaleyale ya kitabu, mlikuwa mnalipia sauti.

Kuhusu matokeo, kuwa makini. Mpaka miaka michache iliyopita Baraza la Mitihani (NECTA) lilikuwa linatangaza shule kumi bora, na majina kama Kemebos ya Kagera, St. Francis ya Mbeya na Feza yalizoeleka masikioni. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha hiyo, na mimi niliona ni sawa. Shule zile zinachuja wanafunzi tangu mlangoni kwa mtihani wa usaili. Huwezi kuchagua mbegu shamba zima halafu ukasema ni udongo peke yake uliozaa. Na si kila shule yenye basi la njano ni Kemebos.

Kuna njia ya kuichunguza shule yoyote, na haina gharama. Matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti ya NECTA. Angalia watoto wangapi wa shule hiyo walifanya upimaji wa darasa la nne mwaka fulani, kisha angalia wangapi walifanya mtihani wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Ukikuta 60 wamekuwa 35 na wote wamefaulu, jiulize wale 25 wako wapi. Wapo waliohama kwa sababu za nyumbani, kweli. Lakini zipo shule zinazowaondoa au kuwakaririsha watoto wasiofikia wastani ili matokeo yang'are, na Wizara ya Elimu imekemea jambo hilo zaidi ya mara moja. Na usilinganishe wastani wa shule yenye watahiniwa 25 na yenye 180. Katika ile ya 180, angalia waliopata A na B ni wangapi kwa idadi. Mara nyingi utakuta ni wengi kuliko shule nzima ya jirani.

Kwa upande wa serikali nako sitakudanganya. Ada ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Watoto waliingia shuleni kwa wingi ambao madarasa na walimu hawakuweza kuufuata. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi iliwekwa kuwa 10,000 kwa mwaka. Iweke hiyo pembeni ya 1,600,000 yako, utaelewa kwa nini chaki zinahesabiwa. Yamejengwa madarasa mengi tangu 2021, na shule mpya pia, lakini Morogoro mjini inakua haraka, na Kihonda unaiona mwenyewe.

Bila ada si bila gharama. Waraka namba 3 wa 2016 umemwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Kuna uji ambao wazazi wanakubaliana kuuchangia, na kuna tuisheni. Uji uchangie bila kusita, mtoto mwenye njaa haelewi kitu. Tuisheni iangalie kwanza: kama mwalimu yuleyule anafundisha nusu darasani na nusu nyingine anaiuza jioni, peleka jambo hilo kwenye kamati ya shule.

Nasema kamati kwa makusudi. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za madhehebu zilichukuliwa na serikali, na kwa miaka mingi mtoto wa bosi na wa mfagizi walikaa dawati moja. Wenye uwezo walianza kuwapeleka watoto wao Kenya na Uganda, kisha sera ya 1995 ikafungua mlango mpana kwa shule binafsi hapa nyumbani. Ilikuwa lazima, silaumu. Lakini wazazi wenye sauti, wanaojua kuandika barua na kumfuata Afisa Elimu, waliondoka na watoto wao. Wewe uliyezoea kumuuliza mkuu wa shule maswali, ukahoji kila risiti, usiache tabia hiyo getini. Shule ya serikali inakuhitaji kuliko ile ya binafsi ilivyokuhitaji. Nenda kwenye vikao, gombea kamati. Mkuu wa shule akijua mama wa mtoto fulani huja, mwalimu hulijua na daftari la mtoto huyo.

Sasa nikuambie kwa nini nasema uhame, baada ya kuzisifu faida zote zile.

Shule nzuri ni ile mtoto anayohudhuria. Kijana wako alikaa nyumbani wiki mbili Mei, na kwa mapato mnayonieleza atakaa tena, na mwakani watakuwa wawili. Mtoto anayeitwa ofisini mbele ya wenzake kwa sababu ya ada huanza kuichukia shule hata kama ina maktaba na kompyuta. Na laki sita zile zinakula cherehani, ambayo ndiyo inayowalisha. Mkopo wa biashara huzaa kitu cha kuurejesha. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya ada utarejeshwa na mkopo mwingine, na awamu ya pili ya ada haitasubiri. Usiuze cherehani. Nasema hilo bila kupepesa macho.

Halafu tazama ulikoumia wewe. Hukuumia darasa la tatu, uliumia kidato cha kwanza. Kijana mwakani ni darasa la nne, na kwa mtaala ulioanza 2024 msingi wake utaishia darasa la sita. Sekondari ipo karibu kuliko mnavyodhani. Fedha zenu zikiishia madarasa ya chini, atafika kwenye kivuko mkiwa hamna akiba hata ya vitabu. Mkitulia sasa mkalipa deni, mtakuwa na la kufanya pale panapohitaji zaidi: mwalimu mzuri wa Kiingereza akiwa darasa la sita, au hata shule ya kulipia ya sekondari hali ikirudi. Na akifanya vizuri sana, zipo shule za serikali za vipaji maalumu, Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana ziko mkoani kwenu, Kibaha si mbali mno, na Ilboru ipo Arusha. Huko hakuna ada, na ni ndoto ya wazazi wengi wenye fedha.

Kwa hiyo kazi yenu ni kukilinda Kiingereza alichokwisha kukipata. Hakipotei kwa mwaka mmoja kama kinatumika kila siku. Nusu saa kila jioni asome kwa sauti kitabu cha hadithi, wewe ukishona. Huhitaji kukijua Kiingereza ili kusikia kama mtoto anasoma kwa ufasaha au anakwama kila mstari. Akimaliza akusimulie kwa Kiswahili. Maktaba ya mkoa ipo mjini, mwandikishe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomeka bure kwa simu, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Tafuta pia mwalimu wa mtaani, mmoja tu, kwa Jumamosi asubuhi, somo la Kiingereza peke yake. Katika milioni moja na laki sita ya ada ya kijana, tengeni walau laki nne kwa mwaka kwa kazi hiyo. Laki nne mnazoweza kuzilipa ni bora kuliko milioni mnayoikimbiza.

Kuna tatizo la upande wa pili ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Kijana atakaa darasani ambako Hisabati na Sayansi ni kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha nyumbani. Anajua kutafuta kigawe kidogo cha shirika kwa Kiingereza, lakini akiulizwa KDS kwa jina hilo atakodoa macho. Insha na methali zitamtesa kwanza. Upimaji wa darasa la nne hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo ana miezi michache tu ya kuzoea. Likizo ya Desemba tumieni vitabu vya Kiswahili vya darasa la tatu, Hisabati na Sayansi hasa. Akichora jedwali la maneno mapya, lugha mbili pembeni kwa pembeni, atavuka. Alama zitashuka muhula wa kwanza. Zikishuka, usimwambie baba yake "si nilikwambia".

Binti ni rahisi zaidi. Ataanza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha anayoota nayo, na mimi nimeona watoto wa namna hiyo wakishika kusoma haraka. Katika mtaala mpya Kiingereza kipo tangu darasa la kwanza kama somo. Na yeye akae karibu kaka yake anaposoma jioni.

Kuchagua shule: usichukue ya karibu kwa sababu ni ya karibu. Tembelea tatu, siku ya kazi, asubuhi, bila miadi. Omba kuona madaftari ya darasa la nne, uone kama kalamu nyekundu imepita wiki hii. Uliza walimu wa darasa hilo ni wangapi na kama kuna zamu. Ingia chooni. Hudhani choo kinasema kitu, lakini shule isiyo na maji chooni kwa kawaida haina mtu anayefuatilia mambo mengine pia. Shule ya nusu saa kwa miguu yenye watoto 70 darasani ni bora kuliko ya jirani yenye 140. Pia muulize Afisa Elimu Msingi wa halmashauri kama mnayo shule ya serikali inayofundisha kwa Kiingereza. Dar zipo Olympio na Diamond, Arusha ipo Arusha School. Zinatoza ada lakini ni ndogo kuliko za binafsi. Nafasi hugombaniwa, ila kuuliza ni bure.

Viboko. Usikae na hofu bila kujua haki yako. Kanuni za 2002 zinaruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu kupiga darasa zima kwa sababu wamekosa hesabu ni kuvunja kanuni hizo. Mimi ningependa viondoke kabisa, na sikuwahi kuona mtoto aliyeelewa hesabu za sehemu kwa fimbo. Siku ya kwanza muone mwalimu wa darasa, mwambie kwa upole kijana wako ni wa namna gani na kwa kosa lolote akuite wewe. Wengi hukubali.

Wifi yako mwambie asante, lakini hapana. Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo shule inayokubali kumchukua kijana mwakani inavunja agizo, na inayovunja hilo sijui itavunja nini kingine usiku mkiwa hamuoni. Mtoto mpole wa umri wake anakuhitaji wewe.

Watoto wenzake watamwita mtoto wa kishua kwa muda. Itapita akishaanza kucheza nao mpira. Mweleze mapema, wewe na baba yake mkiwa pamoja, kwamba kazi ya baba imepungua na familia imeamua hivi. Miaka tisa anaelewa. Asije akadhani ameadhibiwa kwa kufeli. Na jirani wa basi la shule mjibu kwamba watoto wamehamia karibu na nyumbani.

Deni la kausha damu: kaeni wawili muandike mlichochukua, mlicholipa na kinachodaiwa. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mwombe aonyeshe, na mkataba wenu mkausome mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wengi hulegeza masharti wanapoombwa karatasi. Kwa mtaji wa ushonaji, ungana na wenzako muombe mkopo wa halmashauri wa kinamama, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, hauna riba.

Mwisho ni karatasi, na hapa msichelewe. Mtoto wa msingi ana namba yake kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hupitia humo. Shule ya sasa ndiyo inayoanzisha, na shule nyingi hazitoi uhamisho ada ikiwa haijakamilika. Kwa hiyo fedha yoyote mtakayoipata kuanzia sasa ikamilishe kwanza ada ya mwaka huu, hata kabla ya sare mpya. Mkuu wa shule unayoihamia akuandikie kwamba nafasi ipo. Beba cheti cha kuzaliwa, namba ya PReM na ripoti za mihula. Barua ya kumwondoa iandikeni kabla shule hazijafungwa, kwa sababu zipo zinazodai taarifa ya muhula mmoja, na mkichelewa mtadaiwa awamu ya Januari. Igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwako.